Nilivyomfuata Mama Yako Barabara ya Ngong

Barasa mwanangu,

Mambo ya blanketi, sabuni na karatasi za kuonyesha kazini mama yako ameshakueleza, tena mara mbili, kwa hivyo mimi hapo sina la kuongeza. Naandika nikiwa karakana, hapa mtaani 46, Jumapili mchana, mlango nimeufunga nusu ili watu wajue leo sifanyi kazi. Ukiona vumbi la mbao ndani ya bahasha, usishangae. Kesho utapanda basi uende kazi ya kiwanda cha sukari, na sijui ni lini tutakaa tena mahali pamoja tukiwa wawili tu. Hata tukikaa, jambo hili sitaliweza kwa mdomo. Nimejaribu wiki nzima nikaishia kukuuliza kama umekula.

Jumanne nilikuona. Rose wako alikuwa anaongea na yule kijana wa maziwa pale Kabiro, na wewe ulikuwa umesimama nyuma ya kioski cha unga, mkono kwenye mabati, shingo umeivuta mbele. Ulikaa hapo mpaka kijana akasukuma baiskeli yake akaenda. Halafu ukazunguka ukatokea upande mwingine kama mtu ambaye ndiyo kwanza anafika, ukamwambia, "Sasa, Rose." Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na mbao begani. Sikukuita. Niliona aibu, lakini si aibu yako. Nilijua namna ile ya kusimama kwa sababu mimi niliianza zamani, na hakuna mtu aliyewahi kukuhadithia.

Wewe ulikuwa darasa la pili. Tulikaa kile chumba kimoja katika ploti ya mzee Kamau, unakikumbuka kwa sababu ya mfereji uliokuwa unavuja mlangoni. Mama yako alikuwa anafanya usafi katika shule moja ya wasichana huko Lavington. Siku moja walimu wa pale walibandika tangazo la mbio za marathon, zile za kuzunguka mji, mtu yeyote anaruhusiwa. Alilisoma akiwa anapangusa ukuta. Alirudi nyumbani akaniambia, "Baba Barasa, nataka kukimbia hiyo."

Nikacheka. Nikamuuliza, "Unakimbia unaenda wapi?"

"Naenda nirudi," akasema.

Sikujua wakati huo kwamba alipokuwa msichana alikuwa anakimbia, na kwamba siku walipomtoa shule darasa la sita, kitu alicholilia hakikuwa vitabu, ni mbio. Nilikuwa nimekaa naye miaka tisa na sikuwa nimemuuliza. Nilimwacha aendelee nikijua atachoka baada ya siku tatu.

Hakuchoka. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa anavaa raba zake za turubai, anafunga leso juu ya kaptura ili wapangaji wasiseme, na anatoka. Walisema hata hivyo. Mwanamke wa chumba cha pili alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Mama Barasa anafukuzwa na nani?" Hilo sikulijali sana. Nililoshindwa kulivumilia ni sura aliyokuwa anarudi nayo. Alikuwa anaingia ametota jasho, anawasha jiko, anakuamsha wewe, na usoni kuna furaha ambayo si mimi niliyempa. Nilikuwa nakunywa chai yangu nikiiangalia ile furaha, chai yote inakuwa chungu.

Mwezi wa pili nikaamua kumfuata.

Asubuhi ya kwanza nilivaa akala zangu za tairi nikamwacha atangulie kidogo. Nilidhani mimi mwanamume anayeinua mbao siku nzima nitamfuata mwanamke bila shida. Kufika kituo cha petroli kifua kilikuwa kinawaka. Kufika Dagoretti Kona nilikuwa nimeshika nguzo ya stima. Ndipo nikamwona mtu mrefu amesimama pale anamngoja. Walisalimiana kwa kichwa tu, wakashika Barabara ya Ngong pamoja kuelekea Karen, na mimi nikatapika kando ya mtaro. Nilirudi nyumbani nikajilaza kitandani nikajifunika, na alipoingia nikajifanya ninaamka.

"Umelala vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri," nikamwambia.

Ungekuwa ni wewe ungemuuliza yule mtu ni nani? Sidhani. Mimi sikuuliza. Swali moja lingemaliza maneno, lakini mtu mwenye wivu hataki maneno yaishe. Anataka kushika mtu. Na ili nimshike ilibidi niweze kukimbia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza mazoezi, Barasa. Watu wamezoea kusema kwamba baba yako alikimbia marathon kwa sababu alikuwa mtu wa bidii. Hapana. Jioni nikifunga karakana nilikuwa namwambia mama yako naenda kuangalia mbao Uthiru, kisha nakimbia kwenda Uthiru na kurudi, bila mbao. Mwanzoni nilikuwa nakimbia nguzo mbili na kutembea nguzo mbili. Mifupa ya mbele ya miguu iliniuma mpaka nikawa napanda kitandani kwa mikono. Mvua ikinyesha nilienda. Nikiwa na homa nilienda. Kila nilipotaka kusimama nilikuwa namleta yule mtu mrefu mbele ya macho yangu, miguu inaenda yenyewe. Nakuambia kweli, sijapata kuona kitu kinachoamsha mtu kitandani kama wivu.

Baada ya miezi kama mitatu nikawa na uwezo wa kuwafuata mpaka kwenye ukuta wa uwanja wa farasi na kurudi, nikiwa nyuma yao mbali, kwenye giza la msitu. Niliona nini? Hakuna. Walikuwa wanakimbia. Yule mtu alikuwa na saa mkononi, mara kwa mara anaiangalia na kusema neno moja. Mama yako alikuwa mbele yake hatua mbili au tatu, mabega yametulia, anakimbia kama mtu anayetumwa na mtu anayempenda. Kuna asubuhi moja tu walicheka. Walicheka pamoja, kwa sauti, karibu na njia ya kuingia Kibera, na kicheko hicho nilikaa nacho juma zima. Niliharibu meza ya mteja kwa sababu yake. Nilikata mguu mmoja mfupi, nikakata mitatu mingine ilingane nao, ikawa meza ya watoto.

Nikamfuatilia yule mtu mpaka kwake. Alikuwa anaitwa Okoth, mwashi, anakaa Lindi, kule Kibera, chumba cha mwisho kabla ya mto. Nilienda Jumamosi nikijua atakuwa kazini. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia mke wake, ili nyumba yake nayo iungue kama yangu. Nikabisha. Akatoka mwanamke mnene, mtoto mgongoni.

"Wewe ni Baba Barasa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Uko vile Nafula wako alisema. Ingia."

Nikaingia. Akaniwekea chai. Alikuwa anaitwa Mama Achieng. Akaniambia, "Hata mimi nilisikia wivu mwanzo. Nikamwambia Okoth, huyo mama unakimbia naye, mlete nimuone. Akakuja Jumapili. Tulikula omena hapa, tukaongea mpaka jioni. Sasa ni mimi namngoja kuliko Okoth."

"Mimi hakuniambia," nikasema.

Akaniangalia kidogo. "Anasema wewe hupendi hadithi za mbio."

Ungetarajia kwamba nilitoka pale moyo umepoa. Kama hadithi hii ingekuwa ya mtu mwingine ningeiandika hivyo. Lakini nilipokuwa napanda kilima kutoka Lindi nilikuwa na wivu kuliko nilipoteremka. Mwanamume nilikuwa najua namna ya kumchukia. Sasa kulikuwa na nyumba nzima ambako mke wangu alikula, akacheka, akawa mtu wa kungojewa, na mimi sikuwa na kiti humo. Na kulikuwa na barabara. Ningempiga nani, barabara?

Jioni hiyo, wewe ukiwa nje unacheza, nilimwambia, "Ukitoka tena mlango huu kwenda kukimbia, usirudi."

Alikuwa anasonga ugali. Mwiko haukusimama. "Sawa," akasema.

Hakulia, hakubishana. Kesho yake alilala mpaka saa kumi na mbili. Raba alizifua, akazianika, akazifunga kwenye gazeti, akaziweka juu ya kabati. Alipika, alienda kazi, alirudi. Ukimuuliza kitu anajibu. Kwa majuma saba nilikaa na mwanamke ambaye hakunikosea kwa lolote, na nyumba ilikuwa baridi kama sakafu ya kanisa.

Sasa sikiliza kilichonipata mimi. Mwili wangu ulikuwa umezoea. Saa kumi na moja macho yanafunguka. Nikajiambia, vizuri, sasa nitakimbia kwa ajili yangu, na hiyo marathon nitaikimbia mimi. Nikatoka. Nilifika kituo cha petroli nikageuka. Siku ya pili nikageuka kabla hata ya kufika hapo. Si uchovu, pumzi nilikuwa nayo. Mbele yangu hapakuwa na mtu wa kumshika. Kumbe miezi yote ile sikuwa nimejifunza kukimbia. Nilikuwa nimejifunza kufuata, na nilipomwondoa mtu niliyekuwa nafuata, sikuwa na sababu hata ya kufunga akala.

Asubuhi moja nilijilazimisha kufika Kona. Okoth alikuwa amesimama pale. Majuma yote hayo alikuwa anasimama pale anangoja dakika chache kabla ya kwenda.

"Niaje," akasema. "Mama Barasa ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Nilimkataza."

Akaangalia saa yake. Nilingoja anitukane, na ninadhani ningefurahi angenitukana. Akasema, "Twende basi, kabla magari yajae."

Tukaenda. Tukafika ukuta wa farasi. Tulipogeuka ndipo akaniuliza, "Hizo akala uko nazo mpaka lini?"

"Kwa nini?"

"Zinapiga kelele. Tulikuwa tunakusikia toka siku ya kwanza. Pa, pa, pa, huko nyuma."

Nikasimama katikati ya barabara. Yeye akaendelea hatua chache, akarudi.

"Mlijua?"

"Mimi nilitaka tukungoje tuongee. Yeye akakataa. Akasema, mwache, siku moja atachoka ama atatufikia. Siku zingine alikuwa ananiambia tupunguze, umebaki sana. Kuna siku ulikanyaga shimo, ukalia kama mbuzi, tukacheka hata kukimbia tukashindwa."

Hicho ndicho kicheko nilichokaa nacho juma zima.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anawasha jiko. Nikamwambia nilipotoka na nilichoambiwa. Hakugeuka haraka. Alipuliza makaa mpaka yakashika, halafu akakaa chini pale pale.

"Nilikuwa nangoja uniulize," akasema. "Miezi mitatu. Kila asubuhi najiambia, leo ataniuliza huyo mtu ni nani, na mimi nitamwambia, na atakuja mbele tukimbie wote. Wewe unalala unajifunika na viatu."

"Ungeniambia wewe."

"Nikuambie nini? Kwamba sijafanya kitu?"

Nikakaa chini karibu naye.

Nikamwomba arudi barabarani. Akakubali, lakini akaniwekea sharti, na sharti hilo ndilo lililonifundisha kukimbia. Alisema, "Zamani nilitaka uje. Sasa sitaki. Hiyo saa moja iwe yangu. Wewe tafuta njia yako."

Kwa hivyo kila alfajiri tulikuwa tunatoka mlango mmoja, yeye anakata kushoto kwenda Kona kwa Okoth, mimi nakata kulia kwenda Uthiru peke yangu. Na wivu ulikuwepo, Barasa, usidhani ulikwenda. Nilikuwa nausikia mgongoni nikikimbia kuelekea upande mwingine. Siku nyingi nilitoka bila kutaka kabisa. Sikuwa na hamu, sikuwa na wa kumfukuza wala wa kunifukuza. Nilichokuja kukiona, polepole sana, ni kwamba hamu haikuwa inanikuta kitandani. Ilikuwa inanikuta njiani, wakati mwingine nikiwa nimeshafika Uthiru, na siku nyingine haikuja kabisa na nikarudi nyumbani nimekimbia hivyo hivyo. Nikaacha kuingoja. Nilikuwa nafunga viatu kwanza, maana nilishanunua raba, halafu mengine yanajulikana mbele. Nikaanza kuona vitu: mama anayekaanga mandazi kabla ya mwanga, mbwa mweusi wa Kangemi, mahali ambapo baridi inapanda kutoka bondeni ikakupiga magotini. Vitu vidogo tu. Lakini vilikuwa vyangu, na sikuvipata kwa kujificha nyuma ya mtu.

Siku ya marathon wewe ulibaki Lindi na Mama Achieng. Sisi watatu tulianza pamoja, halafu kila mtu akaenda kwa mwendo wake. Mama yako alituacha mapema. Nilimwona anapotea mbele katikati ya wanaume, leso yake kiunoni, nikajua hapo kwamba kama si mimi angefika mbali sana.

Nilimkuta kwenye kilima kirefu cha mwisho, amekaa ukingoni mwa barabara, mguu mmoja umekakamaa, anaupiga ngumi. Majuma saba. Mwili haukosei hesabu. Nilisimama.

"Pita," akaniambia.

"Nitakungoja."

"Usinifanye sababu ya wewe kutomaliza. Hiyo nayo utanidai. Pita."

Nikapita. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya siku hiyo, na bado sijui kama kilikuwa sawa. Nilimaliza. Nilipewa karatasi yenye jina langu, nikaikunja ndogo nikaitia mfukoni kabla Okoth hajaiona, ingawa yeye alikuwa na yake.

Tulingoja pale uwanjani. Watu wakaondoka, wakakunja kamba, wakabeba meza. Mama yako aliingia akitembea, anachechemea, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuandika majina. Alipita pale mstari ulipokuwa, akasimama mbele yetu.

"Nimechukua saa ngapi?" akauliza.

Okoth akaangalia saa yake, akamwambia. Zilikuwa nyingi.

"Mwaka ujao," akasema.

Mwaka uliofuata alikuwa na mimba ya dada yako. Baada ya hapo magoti, baada ya hapo kazi mbili, baada ya hapo Okoth na Mama Achieng wakahamia kwao Homa Bay. Hakukimbia tena ile safari. Mimi nimeikimbia mara nne. Watu wa kanisa huniita bingwa, naye huwa amekaa pale pembeni na kitabu chake cha nyimbo.

Niliwahi kumuuliza kama alinisamehe. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Si nilikuambia ulete makaa?" Nikaenda kuleta makaa.

Sikuandikii haya ili umwache Rose au umwoe Rose. Hilo mtajua wenyewe. Wala sitakuambia usione wivu, kwa sababu utauona, umeurithi kama hivyo vidole vyako. Utakuwa mbali siku nzima ya basi, na kijana wa maziwa atapita Kabiro kila asubuhi. Nakuomba tu kwamba ukitaka kujua jambo, muulize. Muulize mbele ya uso wake, hata sauti ikitetemeka. Mimi niliona ni afadhali kukimbia maili sita gizani kuliko kuuliza neno moja, na gharama yake hakuilipa mwenye deni.

Kesho sitakusindikiza stendi. Mama yako ameniambia anataka kwenda na wewe, ninyi wawili tu, kwa miguu mpaka mtakapochoka, halafu mpande. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu nzuri, sanduku ni zito, na mimi ndiye mwenye bega. Nikazimeza. Nikamuuliza, "Mtaongea nini njia yote hiyo?"

Akaniambia, "Nitamhadithia nilivyokuwa nakimbia nikiwa msichana."

Hata mimi sijawahi kuhadithiwa yote. Nenda usikilize vizuri. Nitakuwa hapa karakana, mlango wazi, napiga randa, na nitawaonea wivu mpaka arudi.

Ni mimi,
baba yako Wanjala.